Mama Hataki Wajukuu Wake Wapande Boti Kisumu: Nifanye Nini?

SWALI

Mshauri wetu mpendwa,

Pokea salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mama wa watoto watatu: mvulana wa miaka 12, msichana wa miaka 9 na kitinda mimba wa miaka 4. Mama yangu mzazi, ambaye nyumbani kwake ni Port Victoria, Kaunti ya Busia, amekuwa kwetu tangu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na sasa daktari amemruhusu kurudi nyumbani. Tumepanga kumsindikiza sote likizo hii ya Desemba, tulale kwa wifi yangu Mamboleo, Kisumu, kwa siku chache, kisha tuendelee hadi Port Victoria kwa Krismasi.

Tatizo limeanzia hapo Kisumu. Mume wangu aliwaahidi watoto kwamba wakijitahidi shuleni atawapeleka Dunga wapande boti, wazunguke ziwani kwa saa moja hivi, waone viboko na wamalizie kwa kutazama jua likitua. Watoto wamejitahidi na sasa wanadai chao. Mama aliposikia mazungumzo hayo mezani aliweka kijiko chini, akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuna mjukuu wake atakayepanda boti ilhali yeye yu hai. Tangu siku hiyo hajalitaja tena jambo hilo mbele yetu, lakini anakula kidogo, na jioni huwaita watoto chumbani kwake na kuwauliza kama kweli wanataka kwenda majini.

Sababu yake naijua. Mjomba wangu, mdogo wake wa kufuatana naye, alikuwa mvuvi wa omena. Usiku mmoja wa giza yeye na wenzake walitoka na taa zao, dhoruba ikawakuta mbali, na hawakurudi. Mwili wake haukupatikana, na wazee walizika shina la mgomba mahali pake. Nilikuwa mtoto, ila nakumbuka kwamba kwa muda mrefu baada ya hapo mama hakukubali omena ipikwe nyumbani kwetu.

Mume wangu amekulia Njoro na hajawahi kuishi karibu na ziwa. Anamheshimu mama na hawezi kubishana naye, lakini tukiwa peke yetu ananiambia kwamba hatuwezi kuwalea watoto kwa hofu ya jambo lililotokea miaka mingi iliyopita, na kwamba watu hupanda boti kila wikendi na kurudi salama. Namwelewa. Hata hivyo, nami nina wasiwasi wangu ambao sijamwambia mama. Mwaka jana mume wangu alikwenda na wafanyakazi wenzake kwenye matembezi kama hayo, mahali ambapo sitapataja. Kwa maelezo yake mwenyewe, walijazwa katika boti moja hadi wengine wakakaa ukingoni, jaketi za kuokoa maisha hazikuwatosha, na injini ilizima walipokuwa wakirudi, wakafika ufuoni usiku wakijimulikia kwa tochi za simu. Yeye hukisimulia kisa hicho huku akicheka. Mimi sicheki.

Nimwambie nini mama bila kumvunjia heshima? Nimuunge mkono mume wangu au nimzuie? Tukienda, nitajuaje kwamba boti ni salama, na huyu wa miaka 4 apande au abaki? Mume wangu anasema pia kwamba Kisumu ikishindikana twende Naivasha kabla shule hazijafunguliwa, kwa kuwa ni karibu na ziwa lenyewe ni dogo. Je, huko kuna usalama zaidi?

Mama Watatu, Nakuru

JIBU

Mama Watatu,

Safari hii inaweza kufanyika, na inaweza kufanyika bila mama yako kudharauliwa, lakini si kwa namna ilivyopangwa sasa. Ingekuwa ni juu yangu, ningebadilisha saa ya kwenda, ningebadilisha namna ya kukodi boti, na kabla ya hayo yote ningembadilishia mama nafasi yake katika jambo hili, asiwe tena mtu wa kutulizwa bali awe mtu wa kuulizwa.

Tuanze na yeye. Katika barua yako, wewe unaiona hofu ya mama kama kidonda, na mume wako anaiona kama kikwazo. Kila mmoja ana haki kwa kiasi chake, ila kuna jambo ambalo hamjalitaja: katika nyumba yenu nzima, yeye ndiye anayelijua ziwa. Mtu aliyelelewa Port Victoria, karibu na pale Mto Nzoia unapomwaga maji yake, akawaona ndugu zake wakitoka na kurudi, anajua ni wingu gani humfanya mvuvi aahirishe safari, anajua upepo unapogeuka, na anajua kwamba boti iliyojazwa kupita kiasi haihitaji dhoruba ili izame. Mume wako amelijua ziwa kama mgeni wa siku moja, na ningependa akumbuke hilo kabla ya kusema kwamba hofu ya mama ni ya zamani.

Kwa hiyo nenda kwake ukiwa peke yako. Usilizungumze mezani wala mbele ya mkwe wake, kwa maana mbele ya mkwe mama hujizuia na mengi hatayasema. Usianze na boti. Anza na mjomba: alikuwa mtu wa namna gani, walikuwa wakitumia boti ya aina gani, wazee walijuaje siku ya kutotoka. Watu huogopa kumtajia mfiwa jina la marehemu wakidhani watamkumbusha, kana kwamba aliwahi kusahau, na matokeo yake mtu hubaki na huzuni yake miaka mingi bila wa kumsikiliza. Mwache aseme mpaka amalize. Kisha mwambie, kwa lugha yenu ya nyumbani, maneno kama haya: “Mama, watoto wana hamu ya ziwa, na hata tukiwazuia leo, wakiwa wakubwa wataenda wenyewe na wenzao sisi tukiwa hatupo. Ningependa mara yao ya kwanza iwe kwa njia yako. Ingekuwa wewe ndiye unayewapeleka, ungewaambia nini, na ungekataa nini?” Chukua karatasi uandike anayoyasema akikuona. Masharti atakayoyatoa yawe ndiyo masharti ya safari, na sitashangaa yakifanana na mengi kati ya haya ninayokuandikia.

Kuna tofauti moja ambayo huenda ikamsaidia, lakini iseme tu akikuuliza, kwa sababu ikitolewa kama hoja ya kumshinda itamwumiza. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa taa huwavuta vizuri zaidi mwezi usipokuwapo, na mvuvi hulazimika kwenda mbali. Usiku huohuo ndio wakati ambapo dhoruba za radi huzuka kwa wingi juu ya Ziwa Victoria lenyewe, kwani nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, pepo za kutoka pande zote za nchi huelekea ziwani, na zinapokutana huko hewa yenye joto na unyevu hupanda na kufanya mawingu makubwa. Mjomba wako alikuwa mahali pa hatari zaidi kwa saa ya hatari zaidi, tena akiwa kazini, wala hakufanya uzembe wowote. Dunga, kwa upande wake, iko ndani ya Ghuba ya Winam, ambayo imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote na huungana na ziwa kuu kwa mlango mwembamba huko Rusinga, ilhali Port Victoria inatazama maji yaliyo wazi. Hata hivyo, mume wako asiichukue habari hii na kuigeuza kuwa sababu ya kulegeza mambo. Ghuba hiyo haina kina kirefu, na maji ya kina kifupi yakipigwa na upepo hutoa mawimbi mafupi yanayofuatana kwa karibu, ambayo huisumbua sana boti ndogo iliyobeba watu wengi.

Kwa sababu hiyohiyo ya pepo, jambo la kwanza la kubadilisha ni safari ya machweo. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea mjini, na baada ya adhuhuri mawimbi huanza kukua. Upepo huo ukifika kwenye miinuko ya Nandi na Kericho hukutana na ule wa mashariki, mawingu hujengeka, na ndiyo maana mvua ya Kisumu mara nyingi huja alasiri au jioni. Anayeondoka ufuoni saa 11 jioni kungoja jua lizame huwa ameichagua saa ileile ambayo mvua, ikiwa ipo, hupenda kuja. Tena jua la Kisumu huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1, na giza huingia upesi kama ilivyo kawaida ya nchi zilizo kwenye ikweta. Injini ikizima jioni mnabaki gizani, kama ilivyomtokea mume wako, ilhali ikizima asubuhi mna mchana mzima wa kuonekana na kusaidiwa.

Waende basi kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Watoto watakosa rangi za machweo, lakini watapata kitu ambacho binafsi nakipenda zaidi. Saa hizo maji huwa yametulia na ndege wako kazini kandokando ya mafunjo ya Dunga. Waambie wamtafute mdiria mweusi na mweupe, ambaye husimama angani mahali pamoja huku akipiga mabawa kwa kasi, kichwa kimeelekea chini bila kutikisika, halafu hujirusha majini wima na kutoka na kisamaki mdomoni. Watamwona mnandi akianika mabawa juu ya mti, na wakibahatika, furukombe akinyakua samaki kwa makucha bila hata kulowesha kifua. Machweo wayatazame jioni kutoka ufuoni, pale Hippo Point, miguu ikiwa kwenye nchi kavu na bibi yao akiwa kando yao. Jioni ya kuamkia safari angalieni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, na asubuhi mtazame anga wenyewe. Radi ikisikika, hata kwa mbali, hakuna kupanda.

Jambo la pili ni namna ya kukodi. Ukilipa kwa kila kichwa, mwenye boti ana kila sababu ya kungoja abiria zaidi, na hivyo ndivyo watu hufikia kukaa ukingoni. Pataneni bei ya boti nzima kwa ajili ya familia yenu peke yake, na mseme wazi kabla ya kutoa hata shilingi moja kwamba hakuna mwingine atakayeongezwa, awe ni ndugu ya nahodha au mtu anayeomba kushuka mbele kidogo. Itawagharimu zaidi, na kama fedha ni chache ni afadhali kupunguza muda wa safari, au kupunguza mahali pengine, kuliko kupunguza hapo. Tarehe 20 Septemba 2018, upande wa Tanzania, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara, kikiwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kilikuwa chombo kikubwa, na nchi kavu ilikuwa ikionekana. Boti ya mbao yenye viti vichache haina nafasi hata hiyo ya kukosea.

Boti za abiria nchini hukaguliwa na kupewa leseni na mamlaka ya ubaharia, KMA, na mteja ana haki ya kuomba kuonyeshwa leseni hiyo pamoja na idadi ya watu ambao boti imeruhusiwa kubeba. Nahodha anayeipenda kazi yake hachukizwi na swali hilo. Wifi yako, kwa kuwa anaishi hukohuko, angefanya vyema kufika Dunga siku moja kabla yenu, azungumze na viongozi wa kamati ya ufuo, ile inayojulikana kama BMU, na awaulize swali moja tu: ni nahodha gani ambaye wao humkabidhi watoto wao wenyewe? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko picha zozote mtakazoonyeshwa kwenye simu.

Kabla ya mtu mwingine kupanda, mume wako aingie botini peke yake na atazame chini ya mbao za sakafu. Maji kidogo ni kawaida katika boti ya mbao, lakini yakiwa yamefika kwenye mbao zenyewe kabla hata hamjapanda, achaneni na boti hiyo. Pawe na kopo la kutolea maji yanayoingia botini, makasia yanayoweza kutumika, mafuta ya akiba, na mtu wa pili mbali na nahodha, kwa sababu mtu mmoja hawezi kushughulikia injini iliyozima na wakati huohuo kuiongoza boti isigeuzie mawimbi ubavu. Gugumaji nalo liulizieni asubuhi hiyohiyo. Upepo hulisukuma kwa makundi makubwa, njia iliyokuwa wazi jana inaweza kuwa imezibwa leo, na likijizungusha kwenye panga za injini mtasimama katikati yake kwa muda mrefu, hivyo msitoke bila maji ya kunywa na simu iliyojaa chaji ndani ya mfuko wa plastiki.

Jaketi za kuokoa maisha zinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hudhani wamejikinga kumbe hawajajikinga. Kila mtu avae yake akiwa bado ufuoni, na afunge vifungo vyote. Mvalishe mtoto, kisha simama mbele yake, shika jaketi kwenye mabega na uivute juu kwa nguvu. Ikipanda ikafika masikioni au kidevu kikazama ndani yake, ni kubwa mno, na majini mtoto atateleza na kuchomoka chini yake huku jaketi ikielea peke yake. Ya mtoto mdogo iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu na kola inayoinua kichwa. Bonyeza sponji yake kwa vidole: ikiwa imebondeka hairudi, au kitambaa kimechanika na sponji inamomonyoka, omba nyingine. Tena isivuliwe kwa ajili ya picha. Nimewaona watu wakivua jaketi katikati ya maji ili nguo nzuri ionekane, na nahodha akinyamaza asije akawaudhi wateja. Mwambieni mapema kwamba kwenu akinyamaza atakuwa amekosea.

Hili linanileta kwa kitinda mimba. Kama hakuna jaketi ya kipimo chake inayopita jaribio hilo la mabega, hakuna mjadala wowote, anabaki nchi kavu. Usikubali kuambiwa kwamba utampakata. Wala usimfunge mgongoni kwa leso, jambo ambalo akina mama wengi hulifanya kwa nia njema kabisa, kwa maana mtoto aliyefungwa kwako hawezi kuelea, na wewe uliyefungiwa mtoto jaketi yako haitakugeuza uso juu inavyopaswa. Hata ikipatikana ya kipimo chake, ningemwacha. Mtoto wa miaka 4 hawezi kukaa kitako saa nzima, atataka kusimama na kuinamia maji, na yeyote atakayekuwa akimshika hatakuwa na mkono wa kujishikia. Hifadhi ya Impala iko karibu na hapo na wanyama wa kumfurahisha wapo, na bibi yake atafurahi kuwa na mwenzake.

Kuhusu viboko, nahodha mzuri huwaonyesha kutoka mbali. Kiboko akishtuka hukimbilia maji ya kina, na boti iliyosimama kati yake na kina hicho imesimama kwenye njia yake. Mwenye mtoto ni mkali zaidi. Muulizeni nahodha kabla ya kuondoka atawakaribia kiasi gani, na akijisifu kwamba atawafikisha hadi mguse wenyewe, shukeni mtafute mwingine. Wafundisheni watoto wakiwa bado Nakuru kwamba kiboko akitokeza upande wa kushoto, walio kulia wanabaki kulia. Boti ndogo inaweza kupinduka kwa sababu ya watu wote kukimbilia upande mmoja na simu zao, bila mnyama yeyote kuigusa.

Mkirudi, watoto wasiachwe wakanyage na kucheza kwenye maji ya ufuoni wakati nyinyi mnangoja chakula. Ziwa Victoria lina kichocho, na konokono wanaokieneza hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, yaani palepale mtoto anapopenda kuchezea. Anayegusa maji hayo anaweza kuambukizwa bila kuhisi chochote. Wakilowa, wakaushwe upesi, na kama wamekaa majini kwa muda, wapelekwe kupimwa baada ya miezi miwili hivi hata kama hawaumwi, kwani dawa yake, prazikwanteli, inatibu vizuri na inapatikana.

Umeuliza kuhusu Naivasha. Udogo wa ziwa hauwaongezei usalama. Naivasha ina viboko wengi, na mwaka 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya ziwa hilo alipokuwa akiwapiga picha, akiwa nchi kavu. Upepo wa alasiri huvuma huko pia, na tangu maji yalipoanza kupanda, miti mingi iliyokuwa ufuoni imekufa ikiwa imesimama majini, na visiki vingine havionekani. Ni mahali pazuri mno, nami siwazuii kwenda, lakini mkienda chukueni masharti haya yote pamoja nanyi. Wala Naivasha isitumike kama njia ya kumkwepa mama, maana atakuja kusikia kutoka kwa watoto, na atajua kwamba mlingoja arudi kwake ndipo mkaenda.

Sasa mume wako. Ametoa ahadi kwa watoto wake na anataka kuitimiza. Hilo ni jema. Ila kicheko chake kuhusu ile safari ya mwaka jana usikipokee kama kilivyo. Wanaume wengi hucheka wanaposimulia jambo lililowatisha. Muulize siku moja mkiwa wawili, kwa upole, aliwaza nini injini ilipozima, na unyamaze umsikilize. Halafu mwombe mkubaliane jambo moja, na mkubaliane mkiwa bado nyumbani: kwamba siku hiyo ufuoni, yeyote kati yenu wawili akisema “leo hapana”, mnarudi bila mjadala na bila lawama baadaye, hata kama fedha zimeshalipwa na watoto wanalia. Watoto nao wawe na haki hiyo. Makubaliano haya hayawezi kufanyika pale Dunga, ambapo wito wa waendesha boti, furaha ya watoto na aibu ya kuonekana mwoga humsukuma mtu apande boti ambayo moyo wake umeikataa. Huyo wa miaka 12 na dada yake waambieni pia habari za mjomba wako, au bora zaidi mama awaambie mwenyewe, ili wasimwone bibi yao kama mtu aliyekuja kuwaharibia likizo.

Huenda, baada ya yote haya, mama akakataa bado. Hapo uamuzi ni wenu wazazi, na sioni kosa mkiamua kwenda bila idhini yake, mradi hamwendi bila yeye kujua. Mwambie siku, saa, na jina la nahodha, na umwambie ni masharti yake yapi mmeyafuata. Usimtake aseme kwamba amekubali, wala usimtake aje kupunga mkono ufuoni. Mwache kwa wifi yako pamoja na kitinda mimba, na wifi yako asimwache peke yake asubuhi hiyo. Mwambie mtarudi saa ngapi, na uongeze nusu saa juu ya muda mnaoutarajia ili kuchelewa kidogo kusimtese. Mkishashuka, mpigie simu mkiwa bado na jaketi mwilini, kabla ya kwenda kuagiza samaki, na mpe kila mtoto azungumze naye.